Tumbo la Ndege

Kumbukumbu za wanaume waliounda jeti yao ya kwanza ya plastiki zinafanana kiasi kwamba ukisoma tano, ya sita unaweza kujisimulia mwenyewe. Kuna boksi. Boksi limepatikana siku ya kuzaliwa, au Krismasi, au Jumamosi fulani baada ya wiki kadhaa za kuweka akiba. Juu ya boksi kuna picha ya jeti ikipasua mawingu. Ndani kuna vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu, stika za kulowekwa kwa maji, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nne. Mtoto hana subira. Anamwaga gundi kama mtu anayepaka mkate siagi. Kidole chenye gundi kinagusa kioo cha rubani, na alama ya kidole inabaki pale maisha yote. Ndege ikikamilika inakataa kusimama; inakalia mkia, pua juu, kwa sababu hakuna aliyesoma ule mstari unaosema weka kitu kizito ndani ya pua kabla ya kufunga. Baba anacheka. Uzi unafungwa, ndege inaning'inizwa kwenye dari. Miaka mitatu minne baadaye inakufa: kwa fataki, kwa bunduki ya upepo, au kwa ufagio wa mama akitoa utando wa buibui.

Nazijua vizuri kumbukumbu hizi kwa sababu nimewahi kulipwa kuziandika. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kazi ya kwanza iliyonilipia nyumba ilikuwa kuwaandikia watu wa ng'ambo vitu ambavyo hawana muda wa kuviandika. Duka moja la modeli huko nje lilitaka hadithi sita fupi za "jeti yangu ya kwanza" kwa ajili ya matangazo ya Krismasi. Maelekezo yalikuja yamepangwa kama risiti ya supamaketi. Msimulizi awe mwanamume, miaka hamsini hadi sabini. Harufu ya gundi kwenye aya ya kwanza. Baba au babu kwenye ya pili. Kosa moja la kuchekesha. Uzi na dari mwishoni. Usitaje siasa, usitaje vita yoyote kwa jina. Nilizimaliza zote usiku mmoja, stima ikipotea mara mbili, na sijawahi kushika hata seti moja ya ndege mkononi mwangu. Mteja alijibu kwamba zimemgusa moyo.

Hadithi ambayo mtu wa Kayole anaweza kuitunga kwa kufuata orodha, na mwenye utoto wenyewe akaisoma asione tofauti, ina kanuni zake kama vile ngano ilivyo na zake. Huo ni utanzu. Na utanzu ukishakuwa na kanuni, swali la mhakiki linakuwa rahisi kuuliza: kanuni hizi zinamruhusu msimulizi aseme nini, na zinamnyamazisha wapi?

Nianze na zinachoruhusu, kwa sababu ni kingi na nisingependa kuonekana nakidharau. Kumbukumbu ya jeti ya kwanza ni mojawapo ya sehemu chache ambapo wanaume wa umri wa mababu zetu wanaandika kwa furaha kuhusu kushindwa. Hakuna anayejisifu kwamba ndege yake ya kwanza ilitoka safi. Bawa moja limeinama. Rangi imepakwa kwa brashi nene na nywele za brashi zimebaki ndani yake. Stika ya bendera imejikunja, au imekaa kinyume. Ukitaka kujua kama hadithi ni ya kweli, tazama kama msimulizi bado anaona haya kidogo kuhusu kile kioo.

Na lile doa kwenye kioo lina sababu ya kikemia. Gundi ya modeli za plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi, ile inayokauka katikati ya vitu viwili. Inayeyusha uso wa plastiki pande zote mbili, kisha dawa inaruka hewani na vipande vinakuwa kimoja. Ndiyo maana kosa halifutiki. Alama ya kidole kwenye kioo haijapakwa juu ya plastiki. Imeyeyushwa ndani yake. Mtoto wa miaka minane ameacha alama yake ya kidole, ile ile ambayo benki na serikali zitamwomba akiwa mtu mzima, kwenye dirisha la rubani ambaye hayupo. Sijui riwaya nyingi zenye taswira nzuri kuliko hiyo.

Kisha kuna baba. Katika zile bora zaidi, mapenzi ya baba hayatajwi. Yanaonekana tu anaposhikilia mabawa mawili kwa mikono yake, kimya, dakika baada ya dakika, hadi gundi ishike, kwa sababu mikono ya mtoto inatetemeka. Huyu ni baba wa kizazi ambacho wanaume wake hawakuwa wanakumbatia watoto. Anachoweza kutoa ni utulivu wa mikono. Msimulizi, sasa mzee kuliko baba alivyokuwa, anajua hilo, na kwa kawaida ana adabu ya kutolifafanua.

Mahali ambapo kanuni zinaanza kubana ni kwa mabinti. Dada hupatikana katika hadithi hizi kama hatari: ndiye aliyekanyaga bawa, ndiye aliyepiga chafya stika ikaruka. Mama ni ufagio. Yaani nusu ya nyumba ipo ili kuvunja ndege. Bila shaka kulikuwa na wasichana waliounda jeti, lakini utanzu haukuwatengea kiti, kwa hivyo hata wakisimulia wanaanza kwa kueleza jinsi walivyoingia mlango usio wao. Hata hivyo, ukimya mkubwa kuliko huu uko kwenye ndege yenyewe, na ili kuuona ni lazima turudi nyuma hadi pale maboksi yalipoanza.

Airfix, jina ambalo Waingereza wengi hulitumia kana kwamba ndilo jina la mchezo mzima, ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria. Ilianza na vitu vya watoto vya mpira vilivyojazwa hewa, na baada ya vita ikaendelea na vitana, kisha ikaingia kwenye vipande vya plastiki. Mwaka 1952 ilitoa meli ya zamani, na mwaka 1953 ndege yake ya kwanza, Spitfire. Seti ndogo ziliuzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili, ndani ya mfuko wa plastiki wenye kadi juu. Kipimo kilichozoeleka kilikuwa 1/72. Kwa kipimo hicho mtu wa futi sita anakuwa na urefu wa inchi moja kamili, na ndege ya kivita inakaa kwenye kiganja.

Upande wa Marekani, jeti zilitangulia. Kampuni ya Aurora, iliyoanzia Brooklyn, ilitoa seti zake za kwanza mwaka 1952, na mojawapo ilikuwa Panther, jeti ya jeshi la majini la Marekani. Tazama mwaka huo vizuri. Vita vya Korea vilikuwa bado vinapiganwa, na Panther ilikuwa inaruka kutoka kwenye meli kwenda kushambulia madaraja, reli na barabara za Korea Kaskazini. Mtoto wa Brooklyn aliyekuwa akibandika bawa la Panther mezani jikoni alikuwa akiunda kitu kilichokuwa kazini wakati huo huo. Ile haikuwa historia. Ilikuwa habari za jioni.

Lakini katika kumbukumbu, Panther haina kazi. Ina umbo. Ni ya buluu, ni nzuri, ina matangi kwenye ncha za mabawa. Hapo ndipo utanzu unafanya kile ambacho mtoto hufanya kwa kisu anapotoa vipande kwenye fremu: anakata kinachohitajika, kinachobaki kinaenda kwenye taka.

Picha za maboksi zilisaidia ukataji huu. Mchoraji anayetajwa kwa heshima kuliko wote ni Roy Cross, aliyewachorea Airfix kati ya 1964 na 1974. Ni mchoraji wa kweli, sitaki utani. Mwanga wake unajua saa ngapi ya siku. Chuma chake kina baridi. Ndege zake zinapigana, zinatoa moshi, zinateketea. Baadaye moto na milipuko vilifutwa kwenye picha za maboksi, na wazee wa modeli bado wanalalamika kuhusu ufutaji ule kama watu walioibiwa. Wanasema ulikuwa unafiki: kwa nini uuze ndege ya kivita halafu uone aibu ya vita?

Nakubaliana nao nusu. Ufutaji ulikuwa unafiki kweli. Ila hata kabla ya kufutwa, jicho la picha hizi kwa kawaida lilikuwa angani. Tunaiangalia ndege kutoka kwenye ndege nyingine. Ardhi, ikiwepo, ni rangi tu: kijani, kahawia, mto kama uzi. Anayeweza kufa kwenye picha ni rubani mwenzake, na huyo ana parachuti. Kwa hivyo moto ulipoondolewa, kilichoondolewa ni vita kati ya mashujaa. Ile vita nyingine, kati ya ndege na watu walio chini, haikuwa imechorwa vya kutosha hata ikahitaji kufutwa.

Kuna mfano unaonionyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kuishi bila ndege yoyote. Mwaka 1986 kampuni ya Testors ya Marekani ilitoa seti iliyoitwa F-19, jeti ya siri isiyoonekana kwa rada. Iliuzwa kama maandazi ya moto, na bado kuna watu wanaoitaja kama jeti yao ya kwanza. Suala lake lilifika hadi Bunge la Marekani, ambako iliulizwa inakuwaje watoto wananunua dukani kitu ambacho wabunge wenyewe hawaruhusiwi kukiona. Kisha, Novemba 1988, jeshi likaonyesha picha ya ndege halisi. Iliitwa F-117, na ilikuwa na pembe kali kali kama karatasi iliyokunjwa kwa rula. Haikufanana na ile ya dukani. F-19, kwa umbo lile na jina lile, haikuwahi kuwepo.

Unapoambiwa mtu ana kumbukumbu tamu ya kuunda ndege ambayo haikuwahi kuruka, unaweza kucheka. Mimi naona ni ushahidi. Gundi ilikuwa ya kweli, kidole kilikuwa cha kweli, baba alikuwa wa kweli. Ndege haikuhitajika. Kwa hivyo mtu anaweza kujibu hoja yangu yote hapa: kama ndege yenyewe haina umuhimu, mbona unawasumbua wazee na mambo ya mabomu? Waache na uzi wao na dari yao.

Sawa, tuiangalie hiyo dari. Ndiyo taswira ambayo kila kumbukumbu inaishia kwayo, na ndiyo niliyoandika mara sita kwa malipo bila kuifikiria. Piga hesabu kidogo. Dari ya futi nane, kwa kipimo cha 1/72, ni sawa na futi 576 angani. Toa urefu wa uzi, toa urefu wa kitanda, ndege inashuka zaidi. Jeti haisafiri kwa urefu huo. Ikiwa futi mia tano juu yako, ama inatua, ama inafanya maonyesho, ama inashambulia. Na mtoto aliyelala chali kitandani anaitazama kutoka sehemu ambayo mchoraji wa boksi hakuichora: anaona tumbo. Anaona mahali magurudumu yanapoingia. Anaona vibanio vya mabomu chini ya mabawa, vile alivyobandika mwenyewe, namba 34 na 35 kwenye karatasi ya maelekezo.

Watu wanaoijua jeti ya kivita kwa tumbo lake ni wachache. Kuna mafundi. Kuna huyu mtoto. Na kuna wale walio chini yake.

Msomaji wa hapa anaweza kusema hii ni hadithi ya watu wengine. Kweli, wengi wetu hatukukua na maboksi haya. Tulikuwa na pakiti za maziwa, waya, vifuniko vya soda, na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari ili mwalimu asigundue. Ndege zetu zilikuwa za kukunjwa na zilidumu kipindi kimoja cha hesabu. Lakini ndege halisi hazikukaa ng'ambo kwenye maboksi. Zilikuja.

Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 1952, mwaka ule ule wa Panther ya Aurora. Uwanja wa Eastleigh, ambao leo ni Moi Air Base, ulikuwa kituo cha RAF, jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1953 Harvard, ndege za mafunzo zilizofungwa mabomu madogo, zilianza kutumika dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau. Novemba mwaka huo zikaanza kufika Lincoln, mabomba makubwa ya injini nne za pangaboi, na misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ikapigwa hadi mwaka 1955. Mwaka 1954 zilikuja jeti: Meteor za kupiga picha, zikiwa Eastleigh, zikipita juu ya misitu ili wapangaji wa mashambulizi wajue kilichoko chini ya miti.

Meteor ni jina linalopendwa katika ulimwengu wa modeli. Ilikuwa jeti ya kwanza ya Uingereza kuingia vitani, ina injini mbili na mabawa mapana, na seti zake zimetolewa na kampuni kadhaa kwa miongo mingi. Hunter nayo, jeti ambayo macho ya wapenzi wengi yanaiona kuwa nzuri kuliko zote, tuliinunua wenyewe: Kenya huru ilipata zake kutoka Uingereza mwaka 1974. F-5 kutoka Marekani zikafuata mwaka 1978. Ukiingia duka lolote kubwa la modeli duniani utakuta F-5 kwenye rafu. Ni ndege rahisi ya kuanzia, nyembamba, yenye pua ndefu, na kama kawaida itakalia mkia usipoijaza uzito puani.

Tarehe 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi, waasi wa jeshi la anga waliwalazimisha marubani kwa bunduki huko Nanyuki waruke na F-5 kwenda kushambulia Nairobi. Marubani wale hawakuipiga Nairobi. Waliyamwaga mabomu kwenye msitu wa Mlima Kenya. Ni kitendo cha ujasiri, na kimesimuliwa mara nyingi hivyo, nami nakiheshimu. Ila ninapokisoma, sikosi kuona kwamba mahali palipoonekana patupu pa kutosha kupokea mabomu palikuwa msitu ule ule.

Wala hatuko chini ya tumbo tu. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia, na F-5 zikaenda nalo. Huko sasa kuna watoto ambao wanaijua F-5 kwa upande ambao mimi siujui. Mimi naijua kutoka kwenye sikukuu za kitaifa, zikipita juu ya uwanja kwa mstari, sisi sote tukiinua simu. Mwili unasisimka kabla akili haijaamka. Sauti inaingia kifuani. Msee aliye karibu nawe, hata hamjuani, anakugeukia akicheka. Nikikuambia sijawahi kuipenda ndege ya kivita nitakuwa nakudanganya, na ndiyo maana siwezi kuwahukumu wazee wa gundi nikiwa nimesimama mahali safi.

Kwa hivyo swali langu kwao ni la kifasihi. Je, mtu anaweza kuandika mapenzi yake kwa ndege ya kivita bila kuikata kazi yake? Nadhani anaweza, kwa sababu wako waliojaribu.

J. G. Ballard alikuwa mtoto Mwingereza aliyefungwa na Wajapani katika kambi ya Lunghua, karibu na Shanghai. Riwaya yake ya 1984, Empire of the Sun, inamfuata mvulana, Jim, ambaye anaabudu ndege. Kambi iko pembeni mwa uwanja wa ndege. Mustang za Marekani, bado ni za pangaboi, zinakuja kuushambulia uwanja, na Jim anazishangilia kwa furaha inayokaribia wazimu, wakati watu wazima wamelala kifudifudi. Ballard haondoi kitu. Ndege ni nzuri na inaua, mtoto anaipenda na iko juu yake, na yote hayo yanatokea katika aya moja. Hamwaibishi Jim kwa kuipenda. Hamwokoi pia. Ndiyo kitabu ambacho utanzu wa jeti ya kwanza ungekuwa nacho mezani kama ungetaka kukua.

Mfano wa pili unatoka karibu zaidi na gundi. Hayao Miyazaki, mwongozaji wa filamu za katuni wa Japani, alianza hadithi ya Kaze Tachinu kama katuni za kuchapishwa mwaka 2009 ndani ya Model Graphix, jarida la watu wanaounda modeli. Filamu ilitoka mwaka 2013. Mhusika wake ni Jiro Horikoshi, mhandisi aliyebuni ndege ya kivita ya Zero, na baba yake Miyazaki mwenyewe aliongoza kampuni iliyotengeneza sehemu za ndege hiyo. Yaani mtu aliyelelewa kwa pesa za ndege ya kivita, anayeipenda kupita kiasi, anawaandikia wenzake wanaoipenda vivyo hivyo. Mwishoni Jiro anatembea kati ya mabaki ya ndege zake, akijua kwamba hakuna hata moja iliyorudi. Ni mwisho mzito. Lakini hata hapo huzuni inahesabu ndege ambazo hazikurudi. Haijashuka chini kuhesabu miji zilikokwenda. Miyazaki amefika mbali kuliko wengi na bado jicho lake liko angani.

Ninachoomba si kikubwa. Siombi mzee wa Leeds au wa Ohio aandike toba kila anapotaja gundi. Toba za aina hiyo nazo zina kanuni zake, na ningeweza kukuandikia sita kwa usiku mmoja. Naomba sentensi moja tu inayosema ndege ile ilifanya kazi wapi. Yeye ni mtu anayejua urefu wa mabawa hadi inchi ya mwisho. Anajua idadi ya vipande, namba ya kikosi kwenye stika, kopo gani la rangi lilikuwa la kijani gani. Mtu makini hivyo ana uwezo wa kujua pia kikosi kile kilitumwa nchi gani, mwaka gani, na kuangusha nini. Hiyo nayo ni sehemu ya seti. Akiiweka ndani, hadithi haitapoteza baba wala kioo chenye alama ya kidole. Itapata uzito puani, na huenda kwa mara ya kwanza ikasimama kwa magurudumu yake.

Na kwetu pia kuna deni, maana ukimya huu una pande mbili. Kumbukumbu za Mau Mau tulizonazo, na ni nyingi kuliko tunavyosoma, zinajua sana kuhusu msitu, viapo, kambi za kizuizini, njaa. Anga lipo ndani yake, ila mara nyingi kama kelele inayopita. Sijakutana bado na kitabu kinachokaa chini ya ile ndege na kutulia hapo kurasa thelathini, jinsi wazee wa Uingereza wanavyoweza kukaa kurasa thelathini na bawa moja la plastiki. Huo umakini wao ningeuiba kama ningeweza. Ningeutumia kuuliza: sauti ilianza upande gani? Mbuzi walifanya nini? Mlijuaje tofauti kati ya ile inayopiga picha na ile inayoleta mabomu? Nani alikuwa wa kwanza kuinua macho, na aliona rangi gani?

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Nyeri mwaka 1954 amepita themanini sasa. Ana rika lake Uingereza, mzee aliyewahi kubandika Meteor ya plastiki na kuifunga uzi, ambaye kumbukumbu zake zimeshaandikwa, zimesomwa, na hata zimenunuliwa kutoka kwa vijana wa Kayole. Huyu wa Nyeri hajaulizwa na mtu. Kama ni shosho yako, au wa jirani, nenda Jumamosi hii na uchukue simu yenye chaji. Usimwulize kuhusu historia, maana atakupa ile ya shuleni. Mwulize ndege ilikuwaje kwa chini.